Ditekta ya Metali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Kuanzia Kuchagua Mpaka Kuchimba

Swali la kwanza la kila anayeanza ni "ipi nzuri?" Halijibiki mpaka useme unatafuta nini, na unakitafuta kwenye ardhi gani. Mashine inayookota sarafu uwanjani kwa raha inaweza kuwa kero tupu kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi. Ile inayohimili udongo mkali wa machimbo (wenye madini mengi ya chuma), ukiipeleka kwenye kiwanja cha nyumba iliyobomolewa, itakuchimbisha misumari kutwa nzima. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye mambo hayo mawili.

Ditekta inafanyaje kazi?

Ndani ya koili, ile sahani inayopitishwa juu ya ardhi, mna nyaya zinazopitishiwa umeme unaobadilika-badilika. Umeme huo hutengeneza uga wa sumaku unaozama ardhini. Uga ukigusa metali, huamsha mikondo midogo ya umeme ndani yake, na mikondo hiyo nayo hutoa uga wake hafifu unaorudi juu. Koili inaunasa, mashine inalia.

Maana yake ni kwamba mashine haijui dhahabu. Haijui fedha wala shaba. Inachopima ni jinsi kitu kinavyopitisha umeme, ukubwa na unene wake, na kama kina tabia ya chuma ya kuvutwa na sumaku. Pete nyembamba ya dhahabu na kile kishikio cha kufungulia kopo la soda vinaweza kutoa jibu lilelile, na hakuna skrini duniani itakayokutenganishia.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell aliitwa kutafuta risasi iliyobaki mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Kifaa chake kilifanya vizuri kwenye majaribio, lakini kitandani kwa mgonjwa kikashindwa: springi za chuma za kitanda zilivuruga mlio, na daktari alimruhusu apime upande mmoja tu wa mwili, ambao sio uliokuwa na risasi. Hadi leo watafutaji wengi hushindwa kwa sababu hizohizo mbili, chuma cha jirani na kutafuta mahali pasipo na kitu.

VLF na PI ni nini?

Ni aina mbili kuu za mashine. VLF ni kifupi cha Kiingereza cha "masafa ya chini sana", na PI cha njia ya kutuma mapigo.

VLF hutuma mawimbi bila kukatika, kwa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya kuanzia kilohezi chache hadi karibu 100. Ndiyo iliyo mikononi mwa watafutaji wengi. Sifa yake ni kuchuja: inaweza kukwambia, kwa uhakika wa kadiri, kwamba hiki ni chuma na hiki sicho. Inapokwama ni kwenye udongo wenye madini mengi ya chuma kama magnetaiti, na kwenye chumvi iliyolowa.

PI hutuma mapigo mafupi, mamia au maelfu kwa sekunde, na kati ya pigo na pigo hunyamaza ikasikiliza mikondo ndani ya metali inavyofifia. Jibu la udongo na la maji ya chumvi hufifia upesi sana, kwa hiyo mashine huweza kulipuuza ikasubiri la metali. Ndiyo maana inazama kwenye ardhi inayoishinda VLF. Ubaya wake: kuchuja ni dhaifu. Msumari utaulipia jasho sawa na donge la dhahabu.

Kuna pia VLF zinazotuma masafa kadhaa kwa wakati mmoja na kulinganisha majibu yake. Zilikuwepo tangu miaka ya 1990, lakini tangu Minelab Equinox ilipotoka mwaka 2018 zimeenea hata kwenye mashine za bei ya kati. Kwa mtu anayetaka mashine moja ya kazi nyingi, ningeanzia hapo bila kusita.

Kuhusu masafa yenyewe: ya juu huona vitu vidogo na vyembamba, ila hayazami sana. Ya chini huzama zaidi na hupendelea vitu vinene vinavyopitisha umeme vizuri, kama sarafu za fedha na shaba.

Natafuta dhahabu ya asili. Nichukue ipi?

Anza na dhahabu yenyewe. Ikiwa ni vumbi, ile inayokamatwa kwa karai na maji, ditekta haitaisikia hata ukiisimamia juu yake. Hali kadhalika dhahabu iliyotawanyika kwa chembe ndani ya jiwe la kwatzi: maabara itaipima, mashine itanyamaza. Ditekta inataka kipande kilichoshikamana, hata kama ni kidogo.

Kwa punje ndogo zilizo karibu na uso wa ardhi, VLF ya masafa ya juu ndiyo yake. Fisher Gold Bug 2 hufanya kazi kwenye kilohezi 71, na Minelab Gold Monster 1000 kwenye 45. Linganisha na Garrett ACE 250, mashine ya sarafu, iliyo kwenye 6.5. Kwa ile ya 6.5 unaweza kupita juu ya punje ya nusu gramu mara kumi bila habari. Lakini hata hizo za masafa ya juu hazifanyi miujiza: punje ndogo husikika sentimita chache tu chini.

Kwa madonge yaliyolala chini zaidi, kwenye udongo mwekundu au mweusi wenye madini makali, unahitaji PI au mashine za ngazi hiyo, na bei yake inaweza kuwa mara kadhaa ya VLF. Usiinunue mpaka uwe na mahali pa kuipeleka. Naona watu wengi wanamaliza mtaji kwenye mashine, kisha wanaizungusha mahali ambapo hakuna aliyewahi kuokota kitu.

Mwaka 1980, huko Victoria nchini Australia, donge la kilo zaidi ya 27 lililokuja kuitwa Hand of Faith lilipatikana kwa ditekta ya Garrett, likiwa kama sentimita 30 tu chini. Wauzaji hulitaja kuisifu mashine. Mimi nalitaja kwa sababu ya mahali: hapo ni ukanda wa dhahabu uliochimbwa tangu karne ya 19. Tafuta palipokwisha kutoa dhahabu. Pita kando ya vifusi vya machimbo ya zamani, kwenye mikondo ya maji iliyokauka, na kwenye nyufa za mwamba wa chini ambako kitu kizito hukwama.

Mambo mengine ya dhahabu, kwa ufupi. Zima uchujaji, kwa sababu punje ndogo kwenye udongo mkali huweza kusomeka kama chuma. Tembea polepole kuliko unavyodhani inatosha. Acha viatu vyenye chuma mbele. Vaa hedifoni, maana mlio wa punje ni badiliko dogo tu la sauti, na upepo unaumeza.

Mashine inalia, nachimba, nakuta jiwe tupu. Kwa nini?

Hilo ni jiwe lenye madini ya chuma tofauti na udongo unaolizunguka. Mashine imesawazishwa kwa udongo, jiwe linajitokeza kama mgeni. Jaribu kuinua koili taratibu juu yake: mlio wa jiwe la namna hiyo mara nyingi hukatika ghafla, wa metali hufifia kidogokidogo. Si kipimo cha mahakamani, lakini kinapunguza mashimo. Kwa upande mwingine, usitupe jiwe linalolia kabla ya kulipitisha juu ya koili likiwa peke yake. Dhahabu nayo hukaa ndani ya mawe.

Inaweza kuonyesha almasi na vito?

Hapana. Si metali.

Na zile mashine zenye antena mbele, zinazodai kuona dhahabu umbali wa mamia ya mita?

Usinunue. Hakuna kifaa cha mkononi kinachotambua dhahabu iliyozikwa kwa umbali huo, hata kiwe na skrini ya rangi na uchague "dhahabu", "fedha" au "almasi" kwenye menyu. Ile antena inayojigeuza inageuzwa na mkono wa aliyeishika, mara nyingi bila mwenyewe kujua.

Biashara hii ina ndugu yake mbaya zaidi. Kifaa kilichoitwa ADE 651 kiliuzwa kwa serikali na majeshi kama kitambua mabomu, kikiwa na antena hiyohiyo ya kuning'inia na ndani hakuna cha maana. Mwingereza aliyekiuza, James McCormick, alihukumiwa miaka 10 jela mwaka 2013 kwa ulaghai. Ikiwa walinzi wa vizuizi vya barabarani waliuziwa, wewe nawe unaweza kuuziwa. Dai kipimo rahisi: mtu mwingine afiche pete chini ya sahani moja kati ya kumi zilizopangwa mezani bila mshika kifaa kuona, kisha kifaa kiitafute, mara kadhaa. Utaona visingizio vinavyoanza.

Ditekta ya kawaida inafika kina gani?

Sarafu ya ukubwa wa kati, kwenye udongo mzuri, sentimita 15 hadi 25. Punje ndogo ya dhahabu, sentimita chache. Kitu kikubwa kama sufuria, pengine karibu mita moja. Kadiri kitu kinavyokuwa kidogo na udongo unavyokuwa mkali, ndivyo kina kinavyopungua. Tangazo likikwambia "mita 5", uliza: mita 5 za nini? Ya gari lililozikwa?

Anayetafuta mtungi au sanduku la hazina lililozikwa chini ana mashine yake: ile yenye visanduku viwili vilivyotenganishwa kwa fito, kimoja kinatuma na kingine kinapokea. Hiyo haioni sarafu moja wala msumari, na hilo ndilo zuri lake.

Natafuta pete na mikufu ufukweni. Nifanyeje?

Ufukwe ni ardhi mbili tofauti. Mchanga mkavu wa juu hauna shida. VLF yoyote itafanya kazi, na vitu vipya huangukia hapo watu wanapokaa, wanapovua nguo na kukung'uta taulo. Mchanga uliolowa na maji yenyewe ni habari nyingine. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na jibu lake huangukia kwenye eneo lilelile la vitu vinavyojibu kwa unyonge, kama mkufu mwembamba. VLF ya masafa mamoja itapiga kelele mpaka ushushe usikivu, na ukiushusha, dhahabu nyembamba inaondoka nayo. Hapo ni masafa mengi, au PI.

Mkufu ni mgumu kuliko pete. Pete ni duara lililofungwa, mkondo wa umeme unazunguka humo vizuri. Mkufu mashine huusikia kiungo kimoja kimoja, si kama kitu kizima, na mara nyingi inachokusikilizisha ni kile kifungo chake tu. Hereni ndogo ni vivyo hivyo. Kama umeambiwa utafute mkufu uliopotea, tumia usikivu wa juu unaovumilika, koili ndogo, na uchimbe kila mnong'ono.

Panga na maji. Fika zikiwa zimebaki saa mbili hivi kabla ya maji kupwa kabisa, uyafuate yanavyorudi nyuma, na chagua siku za bamvua, yanapofunua sehemu ambayo siku nyingine haifikiki. Baada ya dhoruba tafuta mahali mawimbi yalipokata mchanga yakaacha ukingo: tabaka la juu limeondoka na vilivyokuwa nje ya uwezo wa koili sasa viko karibu. Bahari hupanga vitu kwa uzito. Ukikuta chubwi za wavuvi, sarafu na mawe mazito yamejikusanya pamoja, usihame. Pete huishia hapohapo.

Mchanga mweusi ni onyo. Mara nyingi ni magnetaiti, na hata mashine nzuri hupoteza kina hapo.

"Haiingii maji" ina maana naweza kuizamisha?

Soma vizuri. Mashine nyingi zina koili isiyoingia maji lakini kisanduku cha juu kinakufa kwa tone. Angalia kina kilichoandikwa kwa mashine nzima. Kumbuka pia kwamba mawimbi ya Bluetooth na mengine ya mawasiliano bila waya hayapenyi vizuri majini: hedifoni za Bluetooth zitanyamaza kichwa kikizama, na mashine ambazo koili yake huwasiliana na kisanduku bila waya huhitaji kipande cha antena chini ya maji.

Ya sarafu na vitu vya kale ni ipi?

VLF ya masafa ya kati au ya masafa mengi, nyepesi mkononi. Uzito watu huupuuza dukani, halafu bega linawaambia baada ya saa tatu.

Penye makazi ya zamani tatizo sio kina, ni misumari. Chuma kikiwa karibu na sarafu, mashine huisikia chuma ikanyamaza, na sarafu iliyo sentimita nane tu chini inabaki hapo miaka. Dawa ni koili ndogo, mwendo wa polepole, na mashine inayopona haraka baada ya mlio mmoja ili isikie unaofuata. Rudi eneo lilelile ukipita kwa mwelekeo tofauti, kaskazini-kusini mara ya kwanza, mashariki-magharibi mara ya pili. Utashangaa.

Anayetafuta masalia ya vita au ya viwanda asichuje chuma hata kidogo, kwa kuwa mengi ya anayoyataka ni chuma. Shamba lililolimwa karibuni ni zuri kwa kazi hii kwa sababu jembe hupandisha vitu juu.

Vimondo je?

Vinatafutwa sana kwa ditekta. Hata vile vya mawe, ambavyo ndivyo vingi, kwa kawaida vina chembe za chuma na nikeli. Zima uchujaji kabisa na usidharau "mawe yanayolia". Usilijaribu jiwe kwa sumaku kali: kumbukumbu ya usumaku iliyohifadhiwa ndani yake hufutika, na mwanasayansi hataweza tena kuisoma.

Koili kubwa au ndogo?

Kubwa huzama zaidi kwa vitu vikubwa na hufunika ardhi haraka. Ndogo hutenganisha vitu vilivyosongamana, huona vidogo, na hupenya kati ya mawe na vichaka. Koili inayokuja na mashine, mara nyingi karibu sentimita 28, ni ya kati. Kaa nayo mpaka uijue. Koili ya pili ninayopendekeza kwa karibu kila mtu ni ndogo.

Kuhusu umbo: ile yenye nyaya mbili za umbo la D zilizogeuziana migongo hustahimili udongo mkali vizuri zaidi. Ile ya duara ndani ya duara husoma na kuonyesha mahali kwa usahihi kwenye udongo mpole.

Namba kwenye skrini zinaaminika?

Kama dokezo, ndiyo. Kama hukumu, hapana. Kila mtengenezaji ana kipimo chake, kwa hiyo 60 ya mashine moja si 60 ya nyingine. Chuma huwa chini kabisa, kisha karatasi ya aluminiamu na dhahabu ndogo, kisha vishikio vya makopo na pete nyingi za dhahabu vikiwa vimechanganyika, na juu shaba nene na fedha. Kitu kikiwa chini sana namba huanza kuyumba, mara nyingi kuelekea kwenye chuma. Vizibo vya soda na bati kubwa lenye kutu hujifanya vitu vya maana.

Ndiyo maana anayechuja "takataka" zote ili asichoke ameichuja na dhahabu. Ukitaka dhahabu, utachimba aluminiamu. Bei yake ni hiyo.

Usikivu niuweke juu kabisa?

Hapana. Ni sawa na kupandisha sauti ya redio ambayo haijashika stesheni vizuri: makelele nayo yanapanda. Weka juu mpaka mashine ianze kuropoka bila kitu, kisha shusha kidogo. Mashine tulivu kwenye 70 hukusikilizisha vitu ambavyo ile inayopiga kelele kwenye 95 inavifunika.

Kabla ya hapo, sawazisha ardhi. Tafuta kipande kisicho na metali, pandisha na shusha koili kati ya sentimita 5 na 20 hivi kutoka ardhini, huku mashine ikijirekebisha au wewe ukirekebisha kwa kitufe, mpaka sauti isibadilike. Udongo ukibadilika rangi au ukivuka kijito, rudia.

Mashine inalia ovyo hata ikiwa imetulia.

Nyaya za umeme, minara, uzio wa umeme, ditekta nyingine karibu, au simu yako mwenyewe mfukoni. Weka simu mbali na koili, tumia kitufe cha kubadilisha chaneli, shusha usikivu. Ikishindikana, sogea.

Koili ipitishweje?

Sambamba na ardhi, sentimita mbili tatu juu yake, bila kuiinua mwishoni mwa kila mkupuo. Kosa la kuinua pembeni linakula kina kuliko mpangilio wowote mbaya. Kila mkupuo uingie nusu ya uliopita. VLF nyingi huhitaji mwendo ili zilie, kwa hiyo usisimame. Lakini anayefyeka anapita juu ya vitu.

Nimesikia mlio mzuri. Nini kinafuata?

Usichimbe bado. Koili inapita kushoto kwenda kulia: sauti ya juu, laini, yenye mwanzo na mwisho safi. Inarudi: ileile. Skrini inasema, tuseme, 82, 83, 82. Sasa zunguka robo duara na uipitishe kwa upande mwingine. Kama sauti imebaki palepale na namba hazijaruka, una kitu. Kama imegeuka mkwaruzo, imekatika katikati, au imehama sentimita kadhaa, huenda ni msumari uliolala au bati. Penye mashaka chimba tu. Unapoanza, mashimo ndiyo yanayokufundisha mashine yako inasema nini.

Kupata kitovu, pitisha koili kwa msalaba na uone mistari miwili inapokutana, au tumia kitufe cha kuonyesha kitovu.

Kwenye nyasi, kata pande tatu za mraba kwa mwiko imara, uache upande wa nne umeshikana na mizizi, kisha lifunue bonge zima. Lipime kwanza bonge lenyewe: nusu ya wakati kitu kimo humo na wewe unazidisha shimo. Weka udongo juu ya kitambaa, tumia pinpointa, ile ditekta ndogo ya mkononi, kwenye kuta za shimo. Ukimaliza pima shimo tena, maana sarafu hupenda kuanguka kwa pamoja. Rudisha udongo, funika, kanyaga. Anayeacha mashimo wazi ndiye anayewafungia wengine mageti.

Vifaa vingine vya lazima?

Pinpointa, hedifoni, mwiko au sululu kulingana na ardhi, chekeche la mkono lenye matundu kwa ufukweni, mfuko wa vitu na mfuko wa takataka. Kati ya hivi vyote pinpointa ndiyo itakayokuokolea muda mwingi zaidi.

Nikinunua iliyotumika, niangalie nini?

Kwanza, kama ni halisi. Mashine ghali za dhahabu zimeigizwa sana, hasa Minelab za mfululizo wa GPX. Hakiki namba ya mashine kwa mtengenezaji, na iogope bei iliyo robo ya kawaida. Pili, tikisa waya wa koili pale unapoingilia huku mashine ikiwaka. Ikilia, waya umechoka. Tatu, leta pete yako na sarafu yako uzipime mwenyewe, na uende nayo nje, si ndani ya chumba chenye nondo ukutani.

Naruhusiwa kutafuta popote?

Hapana, na nchi hutofautiana sana. Uingereza inaruhusu kwa idhini ya mwenye ardhi, na chini ya sheria ya hazina ya mwaka 1996 aliyepata hazina lazima aripoti ndani ya siku 14. Ufaransa hudai kibali cha serikali kwa anayetafuta vitu vya kale. Ireland inakataza kutafuta vitu vya kale kwa ditekta bila kibali. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1979, inalinda vitu vya kiakiolojia vya zaidi ya miaka 100 vilivyo kwenye ardhi ya serikali kuu. Dhahabu ya asili nayo iko chini ya sheria za madini, sio za mambo ya kale. Uliza kabla, na idhini ya mwenye ardhi uipate kwa maandishi, ikitaja mgawanyo wa kitakachopatikana.

Ukigonga kitu kikubwa cha kale, acha kuchimba. Mwaka 1992 huko Hoxne, Uingereza, Eric Lawes alikwenda shambani kutafuta nyundo ya rafiki yake akakutana na dhahabu na fedha za Kirumi. Alitoa kiasi, kisha akaacha na kuita mamlaka. Wanaakiolojia wakachimba vilivyobaki na kuona jinsi vilivyopangwa ndani ya sanduku lililokwisha kuoza. Sarafu zikafika karibu 15,000. Alilipwa fidia nono. Angefukua yote mwenyewe, habari ya sanduku ingepotea siku hiyohiyo.

Nimekuta kitu kinachofanana na bomu.

Usikiguse, usikiinue, usikigonge ili uone. Rudi kwa njia uliyojia, weka alama mbali nacho, wazuie watu, piga simu polisi. Kutu haipunguzi hatari. Mara nyingine huiongeza. Na penye historia ya mabomu ya ardhini, ditekta ya kutafutia sarafu haikufanyi kuwa mteguaji: usiingie.

Nisafishe sarafu niliyoipata?

Maji safi tu, bila kusugua. Rangi iliyotanda juu yake ndiyo inayoilinda, na kuing'arisha kwa mchanga, ndimu au dawa ya meno huua thamani yake. Dhahabu haishiki kutu, kwa hiyo kuiosha hakuna wasiwasi; ila nayo usiikwaruze.

Mashine nayo itunzweje?

Ikitoka baharini, ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, fungua kifuniko cha koili kutoa mchanga uliojificha humo, maana mchanga mweusi ukibaki ndani utalia kama kitu. Chomoa fito zikauke zikiwa zimeachana, la sivyo zitagandana. Ikikaa muda mrefu bila kazi, toa betri.